Mishale ilienda kushoto, nami nikamlaumu mtoto

Cheti changu cha kufundisha upinde kimetundikwa sebuleni kwa mama, kando ya picha yangu ya mahafali ya chuo kikuu. Wageni wakikiuliza, huwaambia kwamba binti yake anaandika habari za afya katikati ya wiki, na Jumamosi anafundisha watoto wa watu kurusha mishale. Huyasema hayo kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua kama ni habari njema.

Simlaumu. Kwetu Ukambani upinde haukuwa mchezo. Babu alikuwa nao mmoja, ukining'inia juu ya mlango wa chumba chake pamoja na podo la ngozi lenye mishale ambayo hatukuruhusiwa hata kuinyoshea kidole. Nyanya alituambia chembe zake zina sumu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alitaka tu tukae mbali na chumba cha mzee.

Mimi niliingia uwanja wa mishale nikiwa na kalamu. Mhariri alinituma kuandika kuhusu michezo kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu, na nilipokuwa nikisoma nikakutana na jina la Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kuanza kuwatibu wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo mgonjwa wa aina hiyo alilazwa kitandani na kusubiri kufa. Guttmann aliwataka wafanye mazoezi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwapanga wagonjwa 16, wawili wao wanawake, wakashindana. Mchezo aliouchagua ulikuwa upinde na mshale. Paralimpiki tunazoziona leo kwenye televisheni zilianzia hapo, kwenye uwanja wa hospitali.

Basi nikaenda kuwatazama wetu wa hapa Nairobi. Mzee mmoja kwenye kiti akaniona naandika sana, akaniambia, "Mwanangu, weka hiyo kalamu uvute hiki kitu ndipo uandike." Nikavuta. Mshale ulipita juu ya shabaha ukaenda kulala kwenye nyasi za jirani. Juma lililofuata nilirudi bila daftari.

Watu wengi hapa nchini walilisikia jambo hili mwaka 2016 tu, Shehzana Anwar alipobeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio. Baadaye likasahaulika. Ukiwaambia watu unacheza upinde, wanakuuliza kama unawinda.

Baada ya miaka miwili ya kupiga shabaha, nikaombwa nijiunge na kozi ya wakufunzi, kwa sababu watoto walikuwa wameongezeka na waliokuwa wakiwafundisha walikuwa wawili tu. Ilikuwa ngazi ya kwanza, ile ya kufundisha wanaoanza. Anayehitimu hapo hawezi kumwandaa mtu kwa Olimpiki. Anachoweza ni kusimamia kundi la watu ambao hawajawahi kushika upinde, wakapiga, wakafurahi, na wote wakarudi nyumbani na macho yao mawili.

Sehemu kubwa ya kozi ni usalama, na ndiyo niliyoipenda kwa sababu inafanana na kazi yangu. Vipenga viwili: njooni kwenye mstari. Kimoja: anzeni. Vitatu: nendeni mkachukue mishale. Vitano au zaidi: acheni kila kitu, kuna hatari. Hakuna kukimbia kuelekea kwenye shabaha, kwa sababu mkia wa mshale uliochomoza hauoni kama wewe ni mtoto. Anayeng'oa mshale huangalia kwanza nyuma yake, maana ukichomoka ghafla unaweza kumtoboa aliyesimama karibu. Upinde hauvutwi na kuachiwa bila mshale, utavunjika. Nilidhani haya ni mambo ya kukariri hadi nilipowaona watoto 14 wakitazama mishale yao kwenye shabaha, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kufika.

Somo la kwanza kabisa, kabla hatujagusa upinde, lilikuwa jicho. Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo wake huliamini zaidi anapolenga. Ukitaka kulijua lako, nyosha mikono yote miwili mbele yako, tengeneza pembetatu ndogo kwa vidole gumba na vya shahada, na kupitia hapo utazame kitu kilicho mbali, tuseme saa ya ukutani, macho yote mawili yakiwa wazi. Sasa ivute mikono polepole hadi usoni bila kuiacha ile saa. Mikono itaishia kwenye jicho moja. Hilo ndilo la kulengea. Kwa watu wengi ni la upande uleule wa mkono wanaotumia kuandika, lakini si kwa wote, na mkufunzi wetu alisisitiza kwamba upinde hufuata jicho, haufuati mkono.

Niliyaandika hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika mtihani lilitoka swali hilo na nikalijibu lote.

Jumamosi yangu ya kwanza kama mkufunzi nilikuwa na watoto 14, pinde nane na saa moja na nusu. Kati ya hizo pinde, mmoja tu ulikuwa wa mkono wa kushoto. Nikauliza, "Nani huandika kwa mkono wa kushoto?" Hakuna aliyeinua mkono. Nikagawa pinde za kulia, kazi ikaanza. Zoezi la pembetatu nililiacha kwa sababu lingekula dakika 20.

Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka tisa ambaye hapa nitamwita Kofia, kwa sababu alikuja na kofia na hakuwahi kuivua. Baba yake alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Mwalimu, huyu wangu nimemleta hapa ajifunze makini. Mpira umemshinda. Ukimpigia unampita, anaukanyaga, anaangalia kwingine. Shuleni yuko sawa, lakini akicheza ni kama akili iko mahali pengine."

Nikakubali bila kufikiri. Niliyachukua maneno ya mzazi kama nijuavyo kuyachukua maneno ya daktari kwenye mahojiano: nikayaandika kichwani, nikayaamini.

Kofia alipiga kutoka mita tano. Shabaha yetu ya wanaoanza ni ile ya rangi tano, nyeupe pembeni, kisha nyeusi, buluu, nyekundu na manjano katikati, na kwa umbali huo hata mtoto wa darasa la pili huigusa. Mishale ya Kofia haikuigusa. Ilienda kushoto, ikajichoma kwenye sponji nje ya karatasi. Nikamrekebisha miguu. Kushoto. Nikamrekebisha bega. Kushoto. "Tulia," nikamwambia. "Tazama katikati." Alikuwa akitazama katikati.

Wiki ya pili nilimpa njia ya mkato. "Funga jicho la kushoto, utumie hili la kulia peke yake." Alilifunga, akavuta, akashusha upinde bila kupiga. Akaniambia, "Ticha, nikilifunga rangi zinachanganyika."

Nikamjibu, "Usitafute visingizio. Piga."

Naomba nikae kidogo hapo, kwa sababu ndiyo sababu ya makala hii. Mimi ni ripota wa afya. Nimewahi kuandika katika ukurasa huu huu kuhusu macho ya watoto, nikawahoji madaktari, nikawashauri wazazi wawasikilize watoto wao. Mtoto alinieleza dalili kwa maneno yaliyo wazi kuliko mengi ninayoyapata hospitalini. Sikuyasikia, maana siku hiyo nilikuwa mwalimu na yeye alikuwa mwanafunzi asiye makini.

Aliyeniamsha hakuwa Kofia. Alikuwa msichana wa miaka 12 anayeuliza maswali hadi mtu anatamani kipenga cha tano. Wiki hiyo alikuwa ameshanitesa kwa swali la vidole: "Ticha, mtu anafungua vidole ama anaviacha?" Nikamwambia anavifungua, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyoamini ninafanya. Alipovifungua, ugwe ulipigwa kando na mshale ukaenda ukitikisika kama samaki. Usiku huo nilisimama chumbani na kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivuta na kukiachia mara nyingi, mama akinitazama mlangoni. Nikagundua kwamba mimi sifungui chochote. Vidole hulegea tu, kama vya mtu anayeachia mpini wa ndoo, na ugwe wenyewe huvisukuma upite. Kwa miaka miwili mwili wangu ulikuwa ukifanya jambo ambalo kichwa changu hakikulijua. Mishale yangu mwenyewe ilitulia tangu siku hiyo, na kwa hilo sina wa kumshukuru ila mtoto wa darasa la saba.

Jumamosi ya tatu akaja na swali jingine. "Kwa nini unatuambia tuache macho yote wazi, na Kofia unamwambia afunge moja?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu baadaye, ambalo ni jibu la walimu tangu zamani. Nikageuka kumtazama Kofia, na kwa mara ya kwanza nikaitazama mishale yake badala ya kuitazama ile ambayo nilitaka iwepo. Ilikuwa mitatu. Ilikuwa nje ya karatasi, kushoto, lakini yote mitatu ilikuwa pamoja kiasi kwamba ningeifunika kwa kiganja.

Mtoto asiye makini hawezi kufanya hivyo. Asiye makini hutawanya, mmoja juu, mwingine chini, wa tatu kwa jirani. Mishale inayokaa pamoja mahali pasipofaa inasema jambo jingine kabisa: kwamba mpigaji anafanya kitu kilekile kila mara, na kosa liko mahali pamoja. Na mtu anayevuta kwa mkono wa kulia huku akilenga kwa jicho la kushoto, mshale wake huanzia chini ya jicho moja na kuelekezwa na jingine. Lazima uende kushoto. Nilikuwa nimepata alama zote kwa kuliandika hilo.

Nikapuliza vipenga vitatu, tukachukua mishale, kisha nikawapanga wote na kuwaambia wanyoshe mikono. Dakika 20 zile nilizozibania wiki ya kwanza zilikuwa kama saba tu. Watatu kati ya 14 walikuwa na jicho la kushoto. Wawili walicheka. Kofia, mikono yake ilikwenda kwenye jicho la kushoto moja kwa moja, kama mlango unaofungwa.

Nikampa ule upinde mmoja wa kushoto. Mshale wa kwanza ulianguka chini, maana mikono ilikuwa imebadilishana kazi. Wa pili ulikaa kwenye nyeusi. Wa tano ulikuwa kwenye nyekundu. Hakushangilia. Aliutazama tu, akaivuta kofia yake nyuma kidogo.

Ningeweza kuishia hapo na kujipongeza. Lakini yale maneno ya rangi kuchanganyika yalikuwa yamerudi na hayakutaka kuondoka. Kuwa na jicho la kushoto la kulengea si ugonjwa. Hata hivyo jicho la kulia, likiwa peke yake, linapaswa kuona. Hao wawili wengine nikawaambia wafunge la kushoto wakasoma maandishi madogo ya kiwanda pembeni mwa karatasi ya shabaha bila shida.

Sikumjaribu Kofia mbele ya wenzake. Nilimngoja baba yake. Na nakiri nilipomwona anashuka kwenye matatu nilitamani kunyamaza. Mimi si daktari. Mwandishi wa habari za afya hujua kidogo kuhusu mambo mengi, na kidogo hicho kinaweza kumtisha mzazi bure. Tena nilikuwa nimemfundisha mtoto wake vibaya kwa majuma mawili, na ilibidi nianze na hilo.

"Baba, kabla ya yote, nilikosea," nikamwambia. "Nilimpa mtoto upinde usiomfaa."

"Si kitu, Mwalimu. Anapenda kuja."

"Kuna jambo jingine. Naomba ulione mwenyewe."

Nikamwomba azibe jicho la kulia la mwanawe kwa kiganja na amwambie asome. Kofia akasoma yote. Kisha akaziba la kushoto. Kofia akanyamaza. Akageuza kichwa kidogo, akitafuta nafasi kati ya vidole vya baba yake. Baba akabana vidole. "Soma." Kimya. "Soma, si umesoma sasa hivi?"

"Yamepotea," akasema mtoto.

Baba yake alibaki na kiganja kwenye uso wa mwanawe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa namwambia hajaribu."

Walienda kliniki ya macho wiki iliyofuata, mama yake ndiye aliyempeleka. Halikuwa jambo la ajabu kwa madaktari. Jicho la kulia lilihitaji lenzi yenye nguvu kuliko la kushoto, na kwa kuwa picha yake ilikuwa hafifu tangu utotoni, ubongo uliizoea ile ya upande mwingine na kuipuuza hii. Huitwa ambliopia, wengi husema jicho vivu. Macho yake hayakuwa na makengeza, hivyo hakuna aliyeshuku. Jicho zima hubeba kazi yote, mtoto anasoma ubao, anaandika, anapita mtihani. Kinachopungua ni ule uwezo wa macho mawili kupima umbali pamoja, na hapo ndipo mpira unapompita mtu.

Mzazi anayesoma hapa ataniuliza kama amechelewa. Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, na ndiyo maana inashauriwa macho yapimwe kabla hajaanza shule, hata kama hajalalamika. Hatalalamika, hajui kwamba wengine wanaona tofauti na yeye. Lakini wenye umri wa miaka saba hadi 12 nao wengi hupata nafuu, kwa hiyo umri usiwe sababu ya kukaa nyumbani. Kumziba mtoto jicho moja moja na kumwomba asome kitu kilicho mbali ni jambo unaloweza kulifanya leo jioni, ila halichukui nafasi ya kupimwa na mtaalamu. Na ukiona makengeza, au weupe kwenye mboni hasa katika picha, usingoje.

Kofia alianzishiwa miwani. Baada ya majuma kadhaa akaongezewa plasta ya kuziba jicho zima, saa mbili kwa siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Huivaa jioni akifanya kazi za shule, na mama yake anasema ndizo saa mbili ndefu kuliko zote katika nyumba yao. Huibandua. Huificha chini ya mto. Juzi aliibandika kwenye jicho la paka. Daktari ameshawaambia ni jambo la miezi, na hakuwaahidi kwamba jicho litakuwa sawasawa na mwenzake.

Mimi siku hizi naanza na pembetatu. Hata mtoto akichelewa, hashiki upinde kabla hajanyosha mikono. Kwenye daftari langu la mahudhurio nimeongeza safu mbili baada ya jina, moja ya jicho la kulengea na nyingine ya kama anaona kwa kila jicho likiwa peke yake. Malipo yangu ya Jumamosi bado hayatoshi nauli na chakula cha mchana, na mama bado hajaamua.

Wiki iliyopita baba yake Kofia alikuja mapema, akasimama nyuma ya kamba tunapowaweka wazazi. Nilipowaambia watoto wapya wanyoshe mikono, nikamwona naye ameinyosha, akikodoa saa iliyo juu ya mlango wa stoo. Akaivuta hadi usoni. Akarudia mara ya pili, kisha ya tatu.

"Mwalimu," akaita. "Mbona yangu pia inaenda kushoto?"

Tukamziba jicho moja, kisha jingine. Anaona vizuri kwa yote mawili. Ni wa kushoto tu, miaka 41, na hakuwahi kujua. Upinde wa kushoto tulionao ni ule mmoja, kwa hiyo yeye na mwanawe wanapokezana, mishale mitatu kila mmoja, na mtoto ndiye anayehesabu.